KUOSHA NA KUPAKA NTA GARI DOGO: SOMO LA MADUMU MAWILI KUTOKA LEMON GABA

Askari hujulikana kwa hali ya vyombo vyake. Bunduki ikiota kutu, buti likifanya ukungu, mkanda ukilegea, hapana haja ya kuuliza mengi juu ya mwenyewe. Lakini liko jambo moja ambalo tumeliona katika makambi na vituo vingi, nalo latutia haya kulisema. Askari yule yule ambaye kila asubuhi huisafisha silaha ya taifa kwa nidhamu kamili, akirudi nyumbani huliacha gari lake dogo, alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi, likaliwa na vumbi na kutu mbele ya macho yake. Ama hulisafisha kwa namna ambayo ingekuwa heri asingeligusa kabisa.

Na sisi hatujitoi katika kundi hilo. Gari letu la kwanza tulilisugua kila Jumapili kwa sabuni ya unga ya kufulia na kipande cha gunia, jua likiwa utosini. Baada ya mwaka mmoja rangi yake ilikuwa imepauka kama sufuria kuukuu, tukalaumu kiwanda. Ilitubidi tufike Juba, katika mtaa wa Lemon Gaba, ili tufundishwe na sajini mstaafu wa polisi kwamba kosa lilikuwa letu.

VUMBI LA JUBA

Ndugu msomaji ambaye hajafika Juba yampasa kwanza aelewe hali ya mahali penyewe. Mji huo, ambao ni makao makuu ya Sudan Kusini tangu nchi hiyo ilipopata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, umekaa kando ya Mto Nile Mweupe, na upande wake wa magharibi umesimama mlima uitwao Jebel Kujur. Barabara kuu zina lami, lakini ukiiacha lami na kuingia katika mitaa ya makazi, gurudumu lakutana na udongo mwekundu. Lemon Gaba ni mmoja wa mitaa hiyo. Neno "gaba" katika Kiarabu cha Juba maana yake ni pori au msitu.

Tangu Desemba hadi Machi mvua huadimika, na joto la Februari na Machi hukaribia nyuzi 40. Wakati huo kila gari lipitalo huinua vumbi ambalo hutua juu ya paa, juu ya majani ya miembe, juu ya nguo zilizoanikwa na juu ya magari yaliyoegeshwa. Mvua zikianza mwezi wa Aprili, vumbi lile lile hugeuka kuwa tope linaloganda chini ya madigadi kama saruji. Wekundu wake watokana na chuma kilichooza ndani ya udongo. Lakini ndani yake mna pia chembechembe za mchanga mgumu, na huo ndio adui hasa wa rangi ya gari.

Tulifika kwa mwenyeji wetu Jumamosi moja ya Februari, alfajiri. Wenzetu watokao Nairobi, Kampala au Dar es Salaam wakumbuke kurudisha saa zao nyuma kwa saa moja, kwani Sudan Kusini ilibadili majira yake tarehe 1 Februari, 2021. Hivyo jua la Juba huchomoza karibu na saa kumi na mbili kamili. Tulimkuta mzee amekwisha amka. Gari lake, Toyota Vitz nyeupe, lilikuwa chini ya mwembe, jekundu kwa vumbi. Mbele yake palikuwa na madumu mawili ya maji ya lita 20 kila moja, ndoo mbili, kopo la kumwagilia bustani, na vitambaa vilivyokunjwa vizuri kama vya gwaride.

Kiswahili chake alikipata Kenya katika miaka ya ukimbizi, na hata leo hukisema kwa ufasaha. "Karibu, afande," alituambia. "Umechelewa dakika tano. Jua halingoji cheo."

MAJI NI YA NANI?

Kabla ya kugusa gari, mzee alitueleza jambo ambalo hatukulitazamia. Alituonyesha pipa kubwa lililokuwa karibu na jiko, akasema, "Maji haya si ya gari. Ni ya mama watoto. Mimi nimeomba madumu mawili tu, na nimepewa kwa sababu gari la maji lilikuja jana."

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Katika Juba, nyumba nyingi hazina bomba. Maji huletwa na magari ya matangi yanayoyateka mtoni, au hununuliwa kwa dumu. Kila lita ina bei, na kila lita ina mwenyewe. Mashirika ya misaada duniani hufuata kipimo kiitwacho Sphere, ambacho husema kwamba katika hali ya dharura mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku, kwa kunywa, kupika na kuoga. Basi tufanye hesabu. Mpira wa maji ulioachwa wazi kwa dakika kumi, ukitoa lita 15 kila dakika, umemwaga lita 150. Hayo ni maji ya watu kumi kwa siku nzima. Madumu mawili ni lita 40, ambayo hayatimizi hata sehemu ya watu watatu.

Mke wa mzee, aliyekuwa akiwasha moto, alisikia mazungumzo yetu akacheka. "Mwaka wa kwanza alilipata gari hilo," alisema, "alikuwa akiliosha kila siku kama mtoto mchanga. Nikamwambia, baba, chagua: gari lioge au watoto waoge. Tangu siku hiyo anakuja kuomba ruhusa."

Mzee hakukasirika. Alisema amri ile ilikuwa ya haki, na kwamba ndiyo iliyomfundisha kuosha gari vizuri, kwa maana mwenye maji machache hulazimika kutumia akili.

Wako wanaokwepa gharama hiyo kwa kulipeleka gari mtoni, wakaliingiza magurudumu ndani ya maji na kuliosha hapo hapo. Mzee alilikataa jambo hilo kwa ukali. Mafuta, grisi na sabuni vinavyotoka katika gari huingia katika mto ule ule ambao magari ya matangi yateka maji ya kunywa. Juba imekwisha onja kipindupindu mwaka 2014, ikakionja tena 2015 na 2016. Kipindupindu hakiletwi na grisi ya gari, huletwa na kinyesi. Lakini mtu aliyeuona mji ukizika watu kwa sababu ya maji machafu hapendi kuona uchafu wa aina yoyote ukitiwa mtoni kwa hiari. Askari aliyevaa sare akifanya hivyo, raia atajifunza nini kwake?

KWA NINI RANGI HUHARIBIKA

Watu wengi hudhani kwamba rangi ya gari ni kitu kinene. Sivyo. Katika gari lililotoka kiwandani, tabaka zote pamoja, tangu bati hadi juu, huwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, au zaidi yake kidogo. Tabaka la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo ni mfano wa vanishi na ndilo liletalo mng'ao, huchukua nusu ya unene huo au pungufu. Ni jembamba kuliko unywele wa mtu.

Sasa chukua mchanga ulio ndani ya vumbi la Juba. Mchanga huo waweza kukwaruza hata kioo. Mtu anapochukua kitambaa kikavu na kulifuta gari lenye vumbi, amechukua msasa. Ataona gari limependeza kwa saa moja, lakini akilitazama juani ataona mikwaruzo midogo kama utando wa buibui. Kila wiki huongeza mingine, hata mwishowe ile vanishi haina tena uwezo wa kung'aa, na jua hupata njia ya kuichoma rangi iliyo chini yake.

Basi kanuni ya kwanza ya mzee ni hii: usifute kamwe gari kavu lenye vumbi. Kama huna maji ya kuliosha, liache lilivyo.

Kanuni ya pili: usioshe gari juani wala likiwa la moto. Maji hukauka kabla hujayafuta, yakaacha madoa ya chumvi na sabuni. Ndiyo maana alfajiri, au jioni bati likiisha poa.

Kanuni ya tatu: usitumie sabuni ya unga, wala sabuni ya vyombo, wala mafuta ya taa. Sabuni za kufulia zimetengenezwa ili zing'oe mafuta yote, nazo huing'oa pia nta inayoilinda rangi. Mafuta ya taa na dizeli, ambayo baadhi ya madereva huyapaka ili gari liwake, hung'aa kwa siku moja, kisha hunasa vumbi na kula mipira ya milango na ya vioo. Nunua shampuu ya magari. Chupa moja, ukitia kiasi kilichoandikwa juu yake, hudumu miezi mingi.

KAZI YENYEWE

Tulivua makoti tukaanza. Mzee aliyagawa maji kama mgavi wa ghala: lita 15 za kulowesha na kuondoa vumbi, lita 8 za ndoo ya shampuu, lita 8 za ndoo ya kusuuzia kitambaa, na lita 9 za kusuuza gari mwisho. Jumla lita 40.

Kwanza alijaza kopo la kumwagilia bustani. Kopo hilo ni bora kuliko bakuli, kwani matundu yake hutawanya maji, na kidogo hufika mbali. Asiye nalo aweza kutoboa matundu madogo katika kifuniko cha dumu. Alianza paani akashuka taratibu, akiyaacha maji yateremke yenyewe na kulichukua vumbi. Hakugusa kitu kwa mkono. Maji mekundu yalitiririka hadi chini. Alingoja dakika mbili ili vumbi lililoganda lilainike, kisha akamwagilia tena.

Ndipo zikaja ndoo mbili. Kitambaa laini kinene kilichovya shampuu hupitishwa juu ya bati kwa mstari ulionyooka, bila kukandamiza, bila kuzungusha. Baada ya kila sehemu, kitambaa husuuzwa katika ndoo ya pili ili kiache mchanga huko, kikakamuliwa, ndipo kikarudishwa katika shampuu. Sisi tulikuwa tukitumia ndoo moja maisha yetu yote. Mzee alituonyesha chini ya ile ndoo ya pili: paani tu, na tayari palikuwa na kijiko kizima cha mchanga. "Huo," alisema, "ulikuwa ukiurudisha juu ya gari lako kila Jumapili."

Utaratibu ni kushuka kutoka juu: paa, vioo, boneti na buti, milango, na mwisho sehemu za chini zilizo karibu na matairi, ambako ndiko kwenye uchafu mwingi. Magurudumu yana kitambaa chake chakavu, ambacho hakirudi tena juu. Chini ya madigadi mzee aliingiza mkono na kijiti, akang'oa tope kavu lililosalia tangu msimu wa mvua. Tope hilo hunywa maji na kuyatunza, na bati lililokaa na unyevu mwaka mzima huota kutu kwa ndani, pasipoonekana. Vivyo hivyo vitundu vidogo vilivyo chini ya milango yapasa vizibuliwe, la sivyo maji ya mvua hubaki ndani ya mlango.

Baada ya kusuuza, gari hukaushwa mara moja kwa kitambaa kikubwa safi kinachonyonya maji. Kisha mzee aliliwasha, akalisogeza hatua chache huku akikanyaga breki polepole mara kadhaa, ili breki zikauke. Wengi husahau jambo hilo, wakashangaa breki inapochelewa kushika wafikapo barabarani.

Maji yaliyotumika hayakumwagwa barabarani wala katika korongo la maji ya mvua, ambalo wenyeji huliita khor. Gari lilikuwa limeegeshwa mahali penye mteremko mdogo, na maji yakashuka yote katika shimo alilolichimba ugani, mbali na mahali pa maji ya nyumbani, ili ardhi iyanywe.

NTA NA BUTI LA KADETI

Jua lilikuwa limekwisha panda, lakini mwembe ulikuwa bado umetupa kivuli. Mzee alitoa kopo dogo la nta ya gari. Hapo sisi tulijiona tuko nyumbani, kwani kila aliyepita katika chuo cha makadeti anajua nta ni nini, hata kama hajui kwamba anajua. Usiku wa kuamkia gwaride tulikaa kitandani tukizungusha kidole ndani ya kitambaa, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, mpaka ncha ya buti ikawa kioo. Aliyepaka rangi nene kwa haraka alipata weusi usio na mng'ao, na asubuhi alipata adhabu.

Gari ni vivyo hivyo. Nta nyingi za magari zina ndani yake nta iitwayo kanauba, itokanayo na majani ya mnazi-pori mmoja wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Nta hiyo hutumika pia katika rangi nyingi za viatu. Ni miongoni mwa nta ngumu kuliko zote za asili, nayo haiyeyuki mpaka ipate joto la nyuzi 82 hivi. Tulimwuliza mzee kwa nini asitumie nta ya nyuki, maana nchi za Ikweta zina asali nyingi. Alijibu kwamba alikwisha jaribu. Nta ya nyuki huyeyuka karibu na nyuzi 62, na bati la gari jeusi katika jua la Februari huweza kulikaribia joto hilo. Basi nta ikilainika hunasa vumbi lote la mtaa, na kazi ikawa bure.

Namna ya kupaka ni hii. Gari liwe safi, kavu na baridi. Chukua nta kidogo sana, kiasi cha ukucha, uitandaze katika sehemu moja, kama nusu ya boneti, kwa tabaka jembamba lisiloonekana vizuri. Ingoje ifanye ukungu mweupe. Pitisha kidole: kikiacha alama safi, nta imekuwa tayari. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, ukikigeuza mara kwa mara. Kisha nenda sehemu nyingine. Usipake juu ya plastiki nyeusi ya bampa wala juu ya mipira, kwani huacha doa jeupe lisilotoka kwa urahisi. Usipake kioo cha mbele, maana usiku waipa itaacha utando unaotawanya mwanga wa magari yajayo.

Tusidanganyane. Nta haizuii vumbi kutua, wala haiponyi rangi iliyokwisha kufa. Faida yake ni kwamba maji hujikusanya na kuteremka, uchafu haushiki kwa nguvu, na mavi ya ndege na popo, pamoja na utomvu wa miti, hayaichomi rangi kwa upesi. Hivyo safari ijayo maji machache zaidi yatatosha. Kwa mtu wa Juba hiyo ndiyo faida kubwa kuliko mng'ao. Katika jua kama lile, nta hudumu yapata miezi miwili, kisha hurudiwa.

SIKU ISIYO NA MAJI

Tuliuliza: na gari la maji lisipokuja?

"Basi siombi," mzee alijibu. Lakini alituonyesha chupa ndogo ya lita moja na kitambaa chake. Hata katika wiki kavu kuliko zote, lita hiyo moja hutoka, nayo ni ya vitu vitano tu: vioo, vioo vya pembeni, taa za mbele, taa za nyuma na namba za gari. Vingine vyote vikae vyekundu mpaka maji yapatikane.

Sababu zake ni za polisi wa barabarani. Katika Sudan Kusini magari hupita upande wa kulia wa barabara, na hali magari mengi yaliyoingia kupitia Mombasa na Uganda yana usukani wa kulia, kama yalivyotengenezwa kwa nchi ziendazo kushoto. Dereva wa gari hilo akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari. Kioo cha pembeni ndicho jicho lake. Na jioni jua linapoelekea Jebel Kujur, kioo cha mbele chenye vumbi hugeuka kuwa pazia: mwanga hukigonga, na mtoto anayevuka barabara hapotei polepole, hutoweka mara moja. Katika kazi yake mzee alipima ajali nyingi. Alisema neno alilolisikia hapo mara nyingi lilikuwa moja: "Sikumwona."

"Gari chafu si aibu," alituambia. "Kioo kichafu ndicho aibu. Na namba chafu ni shaka, kwa sababu askari wa kizuizini hajui kama ni vumbi au ni hila."

KILICHOONEKANA SIKU ILE

Tumeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo lililotufanya tuandike.

Majeshi yetu yaliyorithi taratibu za Kiingereza humfundisha dereva kulikagua gari mara tatu: kabla ya safari, wakati wa mapumziko, na baada ya safari. Kambini twafanya hivyo kwa sababu iko karatasi ya kutia sahihi. Nyumbani hakuna karatasi. Kwa mzee, kuosha ndiyo karatasi yenyewe. Mkono unaopita kila mahali huona kila kitu: bolti iliyolegea, taa iliyopasuka, tone la mafuta pale ambapo jana hapakuwa na tone.

Siku ile alipokuwa akiosha gurudumu la mbele upande wa kushoto, alilizungusha usukani ili afikie upande wa ndani. Mkono ukasimama. Alituita. Ubavuni mwa tairi, mahali ambapo mtu aliyesimama nje hawezi kupaona, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Tairi lilikuwa limepigwa na shimo la barabarani, nyuzi za ndani zikakatika, na upepo ukawa umezuiwa na mpira mtupu. Kwa nje tairi lilikuwa na kina kizuri, wala upepo wake haukupungua.

Asubuhi iliyofuata alikuwa ampeleke binti yake Nimule, mpakani na Uganda, akaendelee na safari ya shule. Ni kilomita 192 za lami iliyokamilishwa mwaka 2012, barabara nzuri inayowashawishi watu kukimbia, nayo imekwisha chukua roho nyingi. Katika joto na mwendo, uvimbe wa namna ile hauhesabiwi kwa siku. Hupasuka, na la mbele likipasuka usukani huvutwa upande.

Mzee hakusema neno kwa muda. Kisha alitoa jeki, akalivua tairi, akalitia alama ya msalaba kwa chokaa ili mtu asije akaliuza tena wala kuliziba. Tairi lenye uvimbe halina tiba, hutupwa. Akafunga lile la akiba, akatuma mtu mjini kutafuta jingine. Binti alitoka ndani akauliza kama safari ipo. Baba yake akamwambia ipo, lakini itachelewa mpaka tairi la pili lipatikane.

Mama wa nyumba alikuja akalitazama tairi lililolala chini. Alilibonyeza lile yai kwa kidole, akamtazama binti yake, akamtazama mumewe. Kisha akasema kwamba kuanzia sasa madumu mawili ya gari yatatengwa kila gari la maji lijapo, bila ya kuombwa.

Ndugu askari, ndugu polisi, sisi tulirudi na hesabu hiyo. Lita 40, saa mbili za alfajiri, ndoo mbili, kopo dogo la nta mara moja kila miezi miwili. Na siku isiyo na maji, lita moja ya vioo na taa. Jumamosi hii kabla jua halijapanda, geuza usukani mpaka mwisho, kulia kisha kushoto, uingize mkono upande wa ndani wa kila tairi.